Mbwa na wanaoogopa mbwa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafuga mbwa, na majirani zangu wengi hawataki mbwa awakaribie. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na pande zote mbili, getini, ufukweni na kwenye ngazi za ghorofa. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani: hofu ya mtu haifungiki kamba, mbwa anafungika. Kwa hiyo wa kuanza kuchukua hatua ni aliyeshika mbwa.

Kwa nini watu wengi hapa Dar wanaogopa mbwa kiasi hiki?

Kwa sababu mbwa wengi wanaowafahamu ni wa ulinzi. Mchana kutwa amefungiwa bandani, usiku anafunguliwa, na kazi aliyofundishwa ni kubweka na kukimbiza. Kibao cha "Mbwa mkali" kimebandikwa getini ili watu waogope, na kweli wanaogopa. Mtoto aliyekulia Tandika au Mwananyamala si rahisi awe amewahi kumshika mbwa kichwani. Mbwa anayemjua ni yule anayerukia mabati ya geti anapopita kwenda dukani, au mbwa koko wanaogombania mabaki jalalani.

Nyuma ya hayo yote kuna kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka duniani, vingi vikiwa Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Anayevuka barabara akimwona mbwa wako hajakutukana. Anajilinda kwa njia aliyoijua tangu utotoni.

Mbwa wangu hang'ati. Kwa nini nimfunge kamba ufukweni?

"Hang'ati huyo, hana neno!" Nenda Coco Beach Jumapili asubuhi utalisikia hilo likipigiwa kelele kutoka mbali, huku mbwa keshamfikia mtu. Ukweli wa maneno hayo unaujua wewe peke yako. Mwenzako anaona mnyama mwenye meno anamjia mbio, na mwenye mnyama yuko hatua hamsini nyuma, anacheka.

Halafu hata kama kweli hang'ati, madhara hayaji kwa meno tu. Mtu mzima akiruka pembeni kwa mshtuko anateguka mguu. Mjamzito anaanguka. Mtoto anakimbilia barabarani, na Barabara ya Toure ina magari yanayopita kwa kasi. Mbwa hajamgusa mtu, lakini chanzo ni yeye.

Basi nikikutana na mtu njiani, nifanye nini hasa?

Usisubiri aseme. Macho yako yawe mbele kuliko ya mbwa. Ukiona mtu amepunguza mwendo, amebadilisha mkono wa mkoba au amemvuta mtoto upande wa pili, jua tayari anaogopa. Fupisha kamba kwa kuikunja mara mbili mkononi mpaka mbwa awe sambamba na goti lako, kamba ikiwa imelegea kidogo. Ukiikaza sana mbwa naye anahisi kuna jambo, anaanza kuvuta. Kisha mhamishe upande wa mbali na huyo mtu, ili mwili wako uwe katikati. Njia ikiwa nyembamba kama vichochoro vya Msasani, ingia pembeni, mwambie mbwa akae, mpe mwenzako njia apite kwanza.

Na sema neno. "Shikamoo mama, pita tu, nimemshika." Inatosha. Sauti ya mtu aliyekuona na kukujali inatuliza kuliko maelezo marefu kuhusu tabia za mbwa. Usimwambie "usiogope". Hakuna aliyewahi kuacha kuogopa kwa kuamriwa.

Zile kamba zinazojivuta zenyewe kwenye kidude cha plastiki hazifai penye watu. Mbwa anaweza kuwa mita tano mbele kabla hujabonyeza. Kamba ya kawaida, mita moja na nusu au mbili, ndiyo ya mjini.

Ni saa ngapi nzuri ya kumtembeza?

Hapa kuna mgongano wa kweli na si kosa la mtu. Lami ya Dar ikishapigwa na jua inaunguza nyayo za mbwa, hasa Januari na Februari, kwa hiyo wenye mbwa wanatoka alfajiri na jioni. Saa hizohizo ndizo watu wanakwenda msikitini, wanafunzi wanatoka saa kumi na mbili kuwahi shule, na vikundi vya jogingi vinapita na nyimbo na filimbi. Mbwa wote mtaani wanapandwa na wazimu wakisikia filimbi hizo.

Ninavyoona mimi, dakika chache zinasaidia sana. Ukikaa ndani mpaka watu watoke msikitini na watoto wafike shuleni, unakuta njia imepungua watu na jua bado halijawa kali. Kwenye ufukwe angalia maji. Yakiwa yamekupwa, Coco, Kawe na Kunduchi kunakuwa na mchanga mpana na kila mtu anapata nafasi yake. Bamvua likijaa, unabaki ukanda mwembamba ambao wote mnalazimika kupita, wewe, watoto wenye maboya na muuza mihogo. Siku hiyo mpeleke mbwa kwingine. Na Jumamosi na Jumapili jioni Coco si mahali pa mbwa hata awe mpole namna gani. Vijiti vya mishikaki viko chini kila mahali, muziki unapigwa, watu wamekaa mchangani na watoto wachanga.

Nina udhu na mbwa amenigusa. Je, udhu umetenguka?

Swali hili linaulizwa sana na linastahili jibu la heshima. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii. Kwa Shafii, kuguswa na mbwa hakutengui udhu, ila kama kuna unyevu, kwa mfano mate yake au mwili wake uliolowa, mahali palipoguswa panakuwa na najisi na paoshwe mara saba, mara moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kikavu kwa kikavu hakina najisi. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki wana mtazamo mwepesi zaidi kuhusu jambo hili. Kwa hali yako mwenyewe, muulize sheikh wako.

Wenye mbwa tulielewe hili vizuri. Mzee aliyevaa kanzu safi, anatembea kwenda swala ya alfajiri, mbwa wako akimlamba mkono umemrudisha nyumbani na pengine swala ya jamaa imempita. Kwake hilo si dogo, hata kama kwako mbwa alikuwa anasalimia. Maeneo ya karibu na misikiti, nyakati za swala, pita barabara nyingine.

Na upande wa pili pia kuna la kusema. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo, na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inafundishwa madrasa. Kumpiga mawe mbwa aliyefungwa kamba na anayepita zake hakuna mahali palipoelekezwa.

Mimi ndiye naogopa. Niseme nini bila kuonekana mgomvi?

Sema mapema na sema wazi: "Samahani kaka, naomba umshike mbwa, naogopa." Huna haja ya kueleza kwa nini, wala kuomba radhi kwa hofu yako. Wengi wenye mbwa wataitikia vizuri, maana mara nyingi hawakuona. Akikujibu "hana neno", rudia ombi lilelile kwa sauti ileile: "Najua, ila mimi naogopa, mshike nipite." Usiingie kwenye mjadala wa kama mbwa ni mpole.

Ninachokuomba wewe ni kimoja tu: usimpigie kelele mbwa na usimtishie kwa fimbo au jiwe wakati mwenyewe amemshika. Mbwa aliyetishwa leo ndiye atakayembwekea mwingine kesho.

Mbwa ananijia na mwenyewe haonekani. Nifanyeje?

Usikimbie. Najua miguu inataka kukimbia, lakini huwezi kumshinda mbwa mbio, na mwendo wako ndio unaomwita. Simama kama nguzo, mikono imekunjwa kifuani au imetulia kando ya mwili, usimkazie macho, usipige mayowe. Wengi wanafika, wananusa, wanaondoka. Akitulia, rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Ukiwa na mkoba, mwavuli au kapu, uweke kati yako na yeye. Akirukia, ang'ate hicho. Ukianguka, jikunje, uso chini, mikono ifunike shingo na masikio.

Kwenye baiskeli, shuka na baiskeli iwe katikati. Kwenye bodaboda mwambie dereva apunguze mwendo, asirushe teke. Ajali nyingi za mbwa na bodaboda hutokana na kuyumba, wala si meno.

Mkia ukitikisika si anafurahi?

Si lazima. Angalia mwili mzima. Mbwa aliyelegea, mkia unazunguka na makalio yanayumba, huyo ametulia. Mbwa aliyekakamaa, mkia juu unatikisika kwa haraka na kwa ufupi, manyoya ya mgongoni yamesimama, anakukazia macho, mwache. Mbwa mwenye hofu naye anang'ata: masikio yamelala nyuma, mkia umeingia kati ya miguu, anajilamba midomo ingawa hakuna chakula. Huyo usimfuate kumbembeleza.

Watoto wangu wanapita mbele ya nyumba zenye mbwa kila siku. Niwafundishe nini?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo wafundishe nyumbani, kwa kuigiza. Mmoja awe mbwa, mwingine asimame tuli. Watacheka, na watakumbuka. Wajue wasimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, mwenye watoto au aliyefungwa mnyororo. Wasiingize vidole kwenye geti. Wasimchokoze mbwa aliye ndani kwa kugonga mabati, maana geti hilo kuna siku litakuwa wazi. Na wakikwaruzwa au kung'atwa, hata kidogo, waseme siku hiyohiyo bila kuogopa kuchapwa. Mtoto anayeficha jeraha kwa kuogopa fimbo ndiye anayechelewa hospitali.

Usimtishe mtoto kwa kumwambia "nitakuitia mbwa". Unampandikizia hofu ambayo atatembea nayo mpaka uzeeni.

Mbwa wa jirani anatoka kila geti linapofunguliwa.

Hili ndilo tatizo kubwa la Mikocheni, Mbezi na Tabata, kubwa kuliko matembezi ya ufukweni. Asubuhi mlinzi anafungua geti gari litoke, mikono yote iko kwenye komeo, mbwa anapita katikati ya miguu yake na kuibukia kwa wanafunzi. Dereva keshaondoka. Mlinzi anabaki anaita jina la mbwa kama anayeomba.

Dawa yake ni utaratibu: mbwa afungwe kwanza, geti lifunguliwe baadaye, kila siku, hata kama bosi amechelewa kazini. Mwenye uwezo aweke wavu au kigeti cha pili ndani, ili gari litoke mbwa akiwa nyuma ya kizuizi. Nenda kwa jirani jioni, akiwa ametulia, umweleze saa na siku ulizomwona mbwa nje. Isiposaidia, lipeleke jambo hilo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Anayemtembeza mbwa ni kijana wa kazi. Lawama ni ya nani?

Ya mwenye mbwa. Kijana amepewa mbwa mwenye nguvu kuliko yeye, kamba iliyochakaa, na hakufundishwa chochote. Pengine naye anaogopa mbwa huyo. Kabla ya kumtuma, tembea naye wiki nzima, mwonyeshe namna ya kufupisha kamba, mwambie ana ruhusa ya kugeuza njia na kurudi nyumbani mapema. Asipoweza kumzuia mbwa akivuta, asimtembeze. Na wapita njia, msimtukane kijana. Ulizeni nyumba.

Tunaishi ghorofani na lifti ni moja.

Mwenye mbwa asubiri. Lifti ikifunguka kuna mtu ndani, uliza kabla ya kuingia. Akisita, hilo ndilo jibu. Kwenye ngazi, simama kwenye kituo cha ngazi mbwa akiwa upande wa ukuta, mwenzako apite.

Kinyesi je? Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku.

Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na baadhi ya watu wanaitumia marufuku hiyo kama sababu ya kuacha kinyesi mchangani. Gazeti la jana linafaa. Mfuko wa kaki wa dukani unafaa. Kikoleo kidogo na kopo lenye mfuniko vinafaa zaidi. Usifukie mchangani ukadhani umemaliza: mabuu ya minyoo wa mbwa hukaa kwenye mchanga wenye unyevunyevu na hupenya ngozi ya anayetembea peku, yakiacha mstari mwekundu unaowasha na kusogea chini ya ngozi. Watoto wanaochezea mchanga ndio wanaoupata. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na okota kila mara.

Mtu ameng'atwa. Tuanzie wapi?

Bombani. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, angalia saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya meno. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Amana, Mwananyamala, Temeke au kituo cha afya kilicho karibu, na kama pale chanjo haipo uliza ilipo uende. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa siku zilizopangwa. Ukichomwa ya kwanza ukaacha zilizobaki hujajikinga. Jeraha kubwa au la kichwani na usoni linahitaji pia dawa ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Mkwaruzo uliotoa damu na mate yaliyogusa kidonda navyo vinahesabika.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe, aangaliwe kwa siku 10 na mtaalamu wa mifugo. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa anaambukiza kichaa siku aliyong'ata. Lakini aliyeng'atwa asingoje siku 10 ndipo aanze chanjo.

Mwenye mbwa, hapa ndipo utu wako unapopimwa. Toa kadi ya chanjo bila kuombwa mara mbili, lipa nauli na matibabu, rudi kumjulia hali. Nimeona kesi zikiisha kwa "pole sana mama, twende hospitali", na nyingine zikifika polisi kwa sababu mwenye mbwa alifunga geti na kukaa kimya.

Sheria inasemaje?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama wake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, hivyo kumwekea sumu mbwa wa jirani hakuwi halali kwa sababu tu anabweka. Kwa hiyo sheria inawagusa wote wawili. Ila mambo mengi ya mtaani humalizika kwa mtendaji wa mtaa, watu wakiketi na kusikilizana.

Mbwa koko wanazurura kwetu usiku. Si wauawe tu?

Ninaelewa anayesema hivyo, hasa mama lishe anayetoka saa kumi alfajiri na ndoo kichwani. Lakini kuua hakujawahi kumaliza kichaa. Wanaobaki wanazaliana, wengine wanahamia eneo lililoachwa wazi, na katika kuua huwa wanaondoka hata waliochanjwa. Kinachokata maambukizi ni chanjo kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata, na mtaa udhibiti jalala. Mbwa wanafuata mabaki ya chakula, na mabaki ni yetu.

Wa kwako mchanje akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na kampeni nyingi za chanjo huangukia majira hayo. Sikiliza matangazo ya mtaa.

Naweza kupunguza hofu yangu?

Ukitaka, ndiyo, na hakuna anayeweza kukulazimisha. Inakwenda kwa ngazi. Anza kwa kumwangalia mbwa mtulivu aliyefungwa kamba kutoka umbali ambao moyo haukimbii. Siku nyingine sogea kidogo. Ukizidiwa rudi nyuma, hujashindwa. Wa kukusaidia awe mtu unayemwamini na mbwa aliyezoea watu, tena mbwa mzima, wala si mbwa mchanga wa mwaka mmoja anayerukaruka. Hofu ikiwa inakuzuia kwenda kazini au kutoka nje, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Inatibika.

Mtaa wetu unataka kuweka utaratibu. Tuanze na nini?

Iteni mkutano wa mtaa, na waiteni wenye mbwa kabla hawajawa washtakiwa. Anzeni na orodha: nyumba ipi ina mbwa wangapi, wamechanjwa lini, nani apigiwe simu mbwa akitoka. Afisa mifugo wa kata aalikwe, na ikiwezekana chanjo ifanyike palepale. Kisha mkubaliane mambo machache yanayoweza kufuatwa: kamba nje ya geti, mbwa afungwe kabla geti halijafunguliwa, njia ya shule iachwe bila mbwa asubuhi. Orodha ya namba za simu ibandikwe ofisi ya mtaa na nakala apewe kila mlinzi wa usiku, maana yeye ndiye anayemwona mbwa akitoka.